Baridi ya Juni na mafuta ya moteri: tunajibu maswali yenu

Kipupwe kimeingia Lubumbashi na barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo lilelile: je, baridi inadai mafuta ya sintetiki, yaani yale yanayotengenezwa kiwandani yasiwe na nta? Tumechagua sita. Mbili za kwanza tumezijibu kwa urefu kwa sababu nyingine zinazitegemea.

Nina Toyota IST ya 2003, moteri ya 1.3, naifanyia taksi. Imeshapita kilometa 210,000. Siku zote naweka 20W-50. Asubuhi za Juni moteri inagonga kwa sekunde chache, halafu inatulia. Muuza mafuta ananiambia ninunue 0W-20 sintetiki, «ya baridi», bei mara tatu. Anasema kweli? (Dereva, Kampemba)

Ana nusu ya ukweli, ndugu, na nusu iliyobaki ni biashara yake.

Tuanze na maandishi ya bidoni. Namba iliyo kabla ya W hupimwa kwenye baridi. Namba ya mwisho hupimwa mafuta yakiwa na nyuzi 100, yaani moteri ikiwa imeshika moto. Kipimo cha baridi kina mitihani miwili: kama demarere itaweza kuzungusha moteri, na kama pompi itaweza kuvuta mafuta kutoka chini ya moteri. Mafuta ya 20W lazima yaruhusu moteri kuzunguka kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na yavutike kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa 15W ni 20 na 25. Kwa 10W ni 25 na 30. Kwa 5W ni 30 na 35. Kwa 0W ni 35 na 40, zote chini ya sifuri.

Sasa angalia kwetu. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na alfajiri za Juni na Julai halijoto hushuka chini ya nyuzi 10. Tuseme siku moja imefika 5. Hata siku hiyo, 20W-50 yako bado ina nyuzi 20 za akiba kabla ya kufika kwenye mpaka wake. Kwa hiyo hakuna gari hapa mjini linalohitaji sintetiki kwa sababu ya baridi.

Nusu ya ukweli ni hii: 20W-50 ni nzito mno kwa moteri hiyo wakati wa kuwaka. Kwenye nyuzi 40 tu, 20W-50 ya kawaida huwa na mnato (uzito wa kutiririka) wa senti-stoki 160 hivi, wakati 5W-30 huwa na 65 hivi, na kadiri baridi inavyoongezeka pengo hilo linazidi kupanuka. Mafuta mazito yanachelewa kufika juu, kwenye mnyororo wa taiming na kwenye VVT-i (mtambo wa Toyota unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka), ambavyo vyote viwili vinafanya kazi kwa presha ya mafuta. Mnyororo ambao bado haujakazwa na presha ndio unaogonga.

Lakini kabla ya kulaumu mafuta, itazame filtri. Filtri nzuri ina kilimi cha mpira ndani kinachozuia mafuta yasirudi chini usiku. Filtri ya bei ya kutupa mara nyingi haina kilimi hicho, au kina mpira mgumu usiofunga. Chungulia kwenye vitundu vidogo vya pembeni: unapaswa kuona mpira umeviziba kwa ndani, na ukiusukuma kwa kijiti ulegee na kurudi. Usipouona, iache dukani. Gari nyingi zinazogonga alfajiri tu zimenyamaza kwa filtri mpya, bila kugusa aina ya mafuta.

Kwa moteri yako weka 10W-30 au 5W-30 yenye alama ya API, taasisi ya mafuta ya Marekani: SN (kiwango cha mwaka 2010) au SP (cha 2020). Iwe ya kawaida au nusu-sintetiki, yote sawa. Kama inakula zaidi ya lita moja kwa kilometa 2,000, panda hadi 10W-40 au 15W-40, na ujue umenunua muda tu, maana ringi (pete za pistoni) zimechoka. Ile 0W-20 iache. Mafuta ya namba 20 yanatakiwa kubakiza mnato wa milipaskali-sekunde 2.6 (kipimo kingine, si senti-stoki) kwenye nyuzi 150 chini ya msuguano mkali, yale ya namba 30 yanatakiwa 2.9. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwenye moteri iliyolika, yenye abiria wanne, foleni na joto la Oktoba, hiyo ndiyo tabaka inayotenganisha chuma na chuma.

Vidanji (kumwaga mafuta na kuweka mapya) ifanye kila kilometa 5,000, filtri kila mara. Pasha moteri dakika tano, izime, fungua bulo ya chini kwa ufunguo wa 14, acha yamwagike dakika kumi. Badilisha rondela ya bulo. Hiyo bulo inakazwa kwa nguvu ya Nm 37 tu, na karteri (beseni la mafuta chini ya moteri) nyingi tunazoona zimekufa uzi kwa sababu ya mikono yenye sifa. Paka mafuta kwenye mpira wa filtri mpya, izungushe mpaka iguse, halafu robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Moteri yako inabeba lita 3.7 pamoja na filtri: weka 3.4 kwanza, iwashe dakika moja, izime, ngoja dakika tano, soma joje (kijiti cha kupimia mafuta), ongeza kidogo kidogo. Kujaza kupita alama ya juu si ukarimu. Krankshafti inayapiga mafuta na kuyafanya povu, na povu halilainishi kitu.

Pesa uliyotaka kutia kwenye sintetiki, nunulia filtri ya hewa. Kuanzia Mei hadi Oktoba vumbi la barabara zetu linaumiza silinda kuliko baridi yoyote.

Mtoto wangu anasoma Winnipeg, Kanada. Amenunua Toyota Corolla ya 2012. Baba yake anamwambia aweke 20W-50, «nzito inalinda moteri», kama tunavyofanya sisi. Mtoto anakataa. Nani ana haki? (Mama, Ruashi)

Mama, mtoto ana haki, na Papa amwachie kabla ya Novemba.

Winnipeg kila mwaka inaona siku za nyuzi 30 chini ya sifuri. Rudia namba za juu: 20W ilitahiniwa hadi 15 kwa kuzungusha na 20 kwa kuvuta. Papa anatoa ushauri mzuri wa Katanga kwa gari lililoko mahali ambapo ushauri huo unavunja moteri.

Kinachotokea ni hiki. Mafuta ya kawaida yanatoka kwenye mafuta ghafi na yanabaki na nta kidogo ndani yake. Baridi ikizidi, nta inaganda vipande vidogo vinavyoshikana mpaka mafuta yanakuwa kama uji uliolala. Demarere ikifanikiwa kuwasha moteri, pompi inavuta sehemu ya mafuta iliyo karibu na mdomo wake, shimo linabaki, na yaliyo pembeni hayateremki kuliziba. Pompi inaanza kuvuta hewa. Taa nyekundu ya presha haizimiki, na kusineti (beringi za krankshafti) zinazunguka kavu. Anayeongeza mwendo ili «ipate moto haraka» ndiye anayeimaliza.

Wenye viwanda hupambana na nta kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza kemikali inayozuia vipande visishikane. Ndiyo maana kuna 5W-30 ya kawaida inayofaulu mtihani uleule wa nyuzi 30 na 35 ambao 5W-30 ya sintetiki inafaulu. Ikiwa mpya, zote mbili zina haki ya kuandikwa 5W. Ya pili ni kutengeneza mafuta yasiyo na nta tangu mwanzo, na hiyo ndiyo sintetiki. Tofauti yao inaonekana baadaye: baada ya kilometa elfu kadhaa mafuta ya kawaida yanaungua na hewa na kuwa mazito, kwa hiyo 5W iliyozeeka haifanyi tena kazi ya 5W. Sintetiki inabaki karibu na namba yake kwa muda mrefu zaidi. Na kwa 0W hakuna uchaguzi: namba hiyo haifikiwi bila mafuta ya sintetiki au yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu kabisa.

Corolla hiyo, ikiwa na moteri ya 1.8, inabeba lita 4.2 pamoja na filtri, na kitabu chake kinataja 0W-20. Aiweke hiyo, sintetiki, na vidanji ya mwaka aifanye Oktoba ili aingie majira ya baridi na mafuta mapya. Hapo gharama ya ziada ina sababu.

Mafuta peke yake hayatoshi huko. Betri kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inabaki na karibu nusu ya nguvu zake, wakati moteri inadai nguvu zaidi, kwa hiyo betri yenye miaka minne au mitano ipimwe kabla ya theluji. Aangalie mbele ya gari kama kuna waya wenye plagi unaotokea kwenye grili. Gari nyingi za huko zinao, na maegesho mengi yana soketi. Waya huo unalisha kipashio kidogo kinachopasha maji ya moteri. Saa mbili au tatu kabla ya kuondoka zinatosha, hakuna haja ya usiku mzima. Maji ya radiata yawe nusu antijeli na nusu maji, mchanganyiko unaohimili karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Akishawasha, aache dakika moja, afute vioo, aondoke polepole na asipandishe mzunguko wa moteri kwa dakika kumi za kwanza. Kuliacha gari likinguruma nusu saa mbele ya nyumba kunaingiza petroli isiyoungua ndani ya mafuta, na mafuta yaliyochanganyika na petroli hayalindi kitu.

Ninaweza kuongeza sintetiki juu ya mafuta ya kawaida? Na ni kweli kwamba moteri iliyozoea ya kawaida ikipewa sintetiki inaanza kuvuja? (Likasi)

Kuongeza unaweza. Mafuta yote ya moteri yenye alama ya API yanatakiwa kuchanganyika bila kuganda wala kutengana. Ukiwa njiani na joje iko chini, ongeza chochote chenye namba ya karibu, maana kuendesha bila mafuta ya kutosha ni kubaya zaidi. Ila lita moja ya sintetiki ndani ya lita tatu za kawaida haikupi sintetiki. Umeipoteza pesa.

Kuhusu kuvuja: sintetiki za zamani zilikuwa zinakausha mipira ya joan (gasketi na sili). Za leo zinawekewa kemikali ya kuzuia hilo. Kinachobaki ni kwamba mafuta mapya yenye sabuni nzuri huosha tope lililokuwa limeziba joan mbovu. Uvujaji ulikuwepo, uchafu ndio uliokuwa unauficha. Moteri iliyojaa tope jeusi usiipeleke moja kwa moja kwenye kilometa 10,000 za sintetiki. Fanya vidanji ya kwanza baada ya 1,500, ya pili baada ya 3,000, na kila mara tupa filtri, maana tope linalong'oka linaishia pale, au kwenye chujio dogo la VVT-i, ambako linaleta matatizo mengine.

Soma pia maneno ya Kifaransa kwenye bidoni. «100 % synthèse» na «technologie de synthèse» havina maana moja. Ya pili kwa kawaida ni mafuta ghafi yaliyosafishwa sana. Nchini Marekani tangu uamuzi wa 1999 kuhusu matangazo, hayo pia yanaruhusiwa kuitwa sintetiki. Si mafuta mabaya, kwa kweli kwa hali ya hewa yetu yanatosha na kubaki, lakini usiyalipie bei ya ile ya kwanza.

Na bidoni tupu usimpe mtu. Itoboe au ikate. Bidoni safi yenye kifuniko kizima inarudi sokoni ikiwa na mafuta yaliyochujwa kwa kitambaa. Unaponunua, hakikisha pete ya kifuniko haijakatika na kwamba namba ya toleo imepigwa kwenye plastiki yenyewe. Mafuta yanayopimwa kutoka pipa lisilo na jina yaache kwa wenye kulainisha bawaba za mlango.

Chini ya kifuniko cha kuwekea mafuta nakuta utando mweupe kama mayonezi. Fundi anasema joan ya kulasi (kichwa cha moteri) imekufa. Gari haipungukiwi na maji. Naishi Kipushi, kazini ni kilometa mbili. (Kipushi)

Usifungue kulasi bado. Kilometa mbili katika Juni ndizo zinazotengeneza mayonezi hiyo.

Lita moja ya esanse (petroli) ikiungua inazalisha karibu lita nzima ya maji kama mvuke. Mwingi unatokea kwenye ekzozi, lakini sehemu ndogo inapita kwenye ringi na kuingia chini. Moteri ikipata moto kamili mvuke huo unapulizwa nje. Ikizimwa baada ya dakika nne, unageuka maji kwenye bati baridi la juu na kuchanganyika na mafuta. Joan iliyokufa ina dalili nyingine: maji yanapungua, mafuta ya kwenye joje yenyewe yanageuka rangi ya kahawa ya maziwa, mapovu yanapanda kwenye radiata, mipira ya maji inakuwa migumu mara baada ya kuwasha.

Swali letu kwako: kalorstati, mlango mdogo unaozuia maji yasiende radiata mpaka moteri ipate moto, ipo? Mafundi wengi hapa wanaitoa, wakiamini gari halitachemka. Kwenye Toyota nyingi ndogo inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Bila hiyo maji yanazunguka tangu sekunde ya kwanza, moteri inafanya kazi kwenye nyuzi 50 au 60 asubuhi nzima, kompyuta inaendelea kumwaga esanse ya ziada, na mafuta hayakauki kamwe. Hakuna sintetiki inayoponya moteri isiyo na kalorstati. Irudishe, kisha mara moja kwa wiki endesha nusu saa mfululizo, na vidanji ifanye kila miezi minne hata kama kilometa ni chache. Utando ukirudi wakati hayo yote yamefanyika, hapo mrudie fundi wako.

Land Cruiser ya mazutu (dizeli), njia ya Kolwezi. Mafuta mapya yanakuwa meusi siku ya pili. Asubuhi za baridi inatoa moshi mweupe na kuwaka kwa shida. Niweke sintetiki? (Lubumbashi)

Weusi ni masizi ya mazutu yanayobebwa na mafuta, na hiyo ni kazi yake. Mafuta ya moteri ya dizeli yanayobaki meupe kwa wiki mbili ndiyo ya kutiliwa shaka.

Kuwaka kwa shida huku kwetu si suala la mafuta. Kagua bujii za kupasha: toa bati linaloziunganisha, chukua taa ya majaribio iliyofungwa kwenye chanya ya betri, gusa kichwa cha kila bujii. Taa isipowaka, hiyo imekufa. Kama zote ni nzima, angalia relei yake, kisha kama hewa inaingia kwenye njia ya mazutu usiku.

Bakia na 15W-40 yenye alama ya API CI-4, kilometa 5,000. Mazutu yenye salfa nyingi inatengeneza asidi ndani ya moteri, na CI-4 ina akiba nzuri ya kemikali ya kuizima. Akiba hiyo inaisha, iwe mafuta ni sintetiki au la. Sintetiki ya bei kubwa inayoachwa hadi kilometa 15,000 kwenye mazutu ya aina hiyo ni hasara mara mbili. Gari la dizeli lenye chujio la masizi kwenye ekzozi ni habari nyingine: hilo linataka mafuta ya majivu machache, kama yale ya kiwango cha Ulaya cha ACEA C3, vinginevyo chujio linaziba.

Nimeweka 5W-30 sintetiki ya gari kwenye moto (pikipiki) yangu ili iwake vizuri asubuhi. Inawaka vizuri, lakini nikipanda mlima moteri inalia na moto haiendi. (Bukavu)

Ambreaji (klachi) inateleza. Kwenye moto nyingi disiki za ambreaji zinaoga ndani ya mafuta yaleyale ya moteri. 5W-30 nyingi za magari ya esanse zina kemikali za kupunguza msuguano ili kuokoa esanse, na disiki zako zinaishi kwa msuguano. Moto inataka bidoni iliyoandikwa JASO MA au MA2 (viwango vya Japani vya mafuta ya pikipiki), kwa namba iliyo kwenye kitabu chake, ambayo kwa moto nyingi za huko ni 10W-30 au 20W-50. Bukavu haina baridi ya kuizuia yoyote kati ya hizo.

Mwaga yote leo moto ikiwa na joto, weka mafuta sahihi, karibu lita moja kwa moto nyingi za 125 na 150, tembea kilometa 200, mwaga tena na uweke mapya. Rekebisha pia kebo: mwanya wa milimita 10 hivi kwenye ncha ya mkono wa ambreaji. Ikiendelea kuteleza baada ya vidanji ya pili, disiki zimeungua. Nunua seti nzima pamoja na springi zake, na disiki mpya uziloweke kwenye mafuta usiku mmoja kabla ya kuzifunga.